Chujio la Miezi Sita

Mjane alifunga chujio la kuondoa klorini, dawa ya maji ya bomba inayoua samaki, ukutani, akaunga mpira mwembamba, akalegeza koki mpaka maji mapya yakadondoka tone moja moja kwenye tangi la samaki. Ya zamani yalitokea kwenye bomba la juu ya tangi, yakaenda nje. Duka lile lilikuwa la marehemu mumewe, kabla shemeji hajamfukuza akisema, "Mwanamke na samaki wapi na wapi?"

Leo shemeji huyo kamwita mwenyewe aje amfungie mtambo.

"Kwa hiyo shemeji, sigusi tena kitu?" mwanamume akauliza.

"Wewe kaa tu, shemeji. Maji yatajibadilisha yenyewe."

Chujio huisha nguvu baada ya miezi sita. Lisipobadilishwa, samaki wanakufa. Hakumwambia. Aliwatazama wale wekundu aliowalea tangu wakiwa kama punje. Kisha akafunga mkoba wa vifaa, akaanza kuhesabu miezi.