Rola Mbili na Jina la Baba Mkwe

Kile kiwanda kiko nje kidogo ya mji wa Bariadi, na kila nikikifikia natamani ardhi ipasuke inimeze. Ninakifikia kila siku, maana ndiko ninakofanya kazi.

Kinatengeneza pamba ya hospitali. Mashine ina rola mbili: moja inavuta pamba, nyingine inaleta karatasi ya buluu ya kufungia. Pamba na karatasi lazima ziende pamoja, sentimita kwa sentimita, ndipo ziviringishwe. Zamani mnyororo mmoja ulizungusha rola zote mbili. Mnyororo ulipochoka, bosi alinunua mota mbili na kompyuta ya kuziendesha, akaniita niziandikie programu.

Mwendeshaji wa mashine hiyo ni baba mkwe wangu. Bosi alishamwambia waziwazi kwamba mitambo mipya inataka damu changa. Akishindwa kuendana nayo, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Nyumbani mzee huwa anasema mvua ikikataa na pamba ya shambani ikafa, angalau ipo ile ya kiwandani. Mimi nikajiapiza kwamba hataondolewa nikiwa hai.

Sasa, sisi tuna adabu zetu. Mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Hata akija karani wa sensa, anamsukumia mtu mwingine ajibu. Asubuhi nilikuwa nikipiga goti kwenye sakafu yenye grisi, ndani ya ovaroli, nikimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," wenzetu wakitazama pembeni wasicheke. Halafu nainuka na kumwelekeza: bonyeza hiki, kile usikiguse.

Mota haijui sentimita. Nyuma yake kuna kifaa kidogo kinachohesabu mzunguko wake, na fundi ndiye anayeiambia kompyuta kwamba hesabu kiasi fulani ni sawa na sentimita moja ya pamba, na kiasi fulani ni sentimita moja ya karatasi. Kila rola ina hesabu yake. Mota ya pamba ilipitia giaboksi, ikizunguka mara kumi ndipo rola izunguke mara moja. Ya karatasi ilikuwa na mkanda tu, mzunguko kwa mzunguko. Niliikokotoa ya pamba vizuri kabisa, nikajipongeza, kisha nikainakili vilevile kwenye ya karatasi. Giaboksi niliisahau. Mimi niliyesomea kitu hicho, ninayekiringia hata misibani!

Siku ya kujaribu, mzee alisimama kwenye kitufe chekundu cha kusimamisha, macho kwenye pamba kama nilivyomwagiza, karatasi ikiwa mgongoni kwake. Nikawasha. Pamba ikatambaa taratibu. Karatasi ikachomoka kwa kasi mara kumi, ikajazana nyuma yake, ikaanza kumzonga miguu. Nikapiga kelele: "Baba! Baba!" Pale kila mwanamume mwenye mvi ni baba. Mpakiaji aligeuka, mlinzi akageuka. Yeye, ambaye kiwandani wote humwita kwa jina lake, hakugeuka. Alipohisi karatasi alikuwa ameshanaswa. Alikibonyeza kitufe huku akianguka, chali, kofia kule, miguu juu, mbele ya mke wa mwanawe. Watu walicheka. Mimi nilitazama ukuta.

Bosi akaja mbio. "Nani alikuwa kwenye kitufe?"

"Ni mimi," mzee akasema, akijikung'uta. "Nimechelewa."

"Si nilisema!"

"Bosi, kosa ni langu," nikaingilia. "Namba nimekosea mimi."

Bosi akanitazama kwa huruma. "Umelelewa vizuri, mama. Mzee lazima asitiriwe. Ila hapa ni kazini."

Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonisifu. Mpakiaji akasema laiti mwanawe angepata mke wa namna yangu. Nilikuwa nasema ukweli mtupu, wao wanasikia heshima tu, na bosi alishaanza kumwambia mzee akabidhi mashine. Nilitaka kulia kwa hasira na aibu.

Basi nikamwita kwa jina. Sitaliandika hapa, kulisema mara moja kulitosha. Nikalitamka kavu, bila "baba" mbele, mbele ya watu wote, nikaongeza: "Shika futi, upime."

Mzee akaitika, "Naam," kama anavyomwitikia mtu yeyote. Nikaiamuru kila rola itoe mita moja. Alipima pamba, ikawa mita moja. Karatasi ilikwenda mpaka mlangoni, naye akaifuata ameinama, akipima mita baada ya mita, hadi ya kumi. Bosi alinitazama kana kwamba nimevua nguo sokoni. Ila aliamini. Mke anayemwita baba mkwe hivyo hawezi kuwa anamsitiri.

Nikarekebisha namba, rola zikaenda pamoja, na mpaka leo zinaenda. Mzee yuko kwenye mashine yake. Habari ilinitangulia nyumbani, na mume wangu alikula chakula cha jioni bila kuniangalia.

Tangu siku ile nikipiga goti naona sakafu tu, na neno "baba" nalitamka nusunusu. Ningependa anigombeze tuyamalize. Hanigombezi, anaitikia salamu, anapita.

Juzi nilikuwa nikimwagia maji anawe mikono kabla ya ugali. Wengine walikuwa bado nje. Akasugua vidole polepole, bila kuniangalia.

"Mama," akasema, "siku ile ungeniita hivyo mapema, ningekiwahi kitufe."

Nikaendelea kumwagia maji mpaka birika likawa tupu.