Aliyeanguka Banini

Mimba ya kwanza ya Eustadia iliharibika kwa teke la mumewe, na nesi aliambiwa, "Nimeanguka." Ndivyo wasemavyo wake wote wa wakulima wa tumbaku kijijini kwao, utadhani ardhi ya Tabora ni utelezi mtupu, masika na kiangazi.

Mimba ya pili, nesi alimkataza kushika majani mabichi ya tumbaku, tena asikaribie moshi wa bani, lile banda la kukaushia. Alipomweleza mumewe, Wilbroad alimzaba kofi la mdomo, akamburuta kwa nywele mpaka mlangoni mwa bani, moto ukinguruma ndani.

"Mama yangu alinizaa humu humu! Wewe mimba yako ni yai?"

Akainua mguu. Mguu uleule.

Eustadia akanyakua mti wa kutundikia majani, akamtandika nao gotini mpaka goti likaalika kama kuni kavu. Wilbroad akaporomoka, anapiga mayowe.

Eustadia akajifunga kanga, akaenda kliniki kwa miguu, damu ikimchuruzika mdomoni.

"Umeanguka tena, mama?" nesi akamuuliza.

"Leo kaanguka yeye."