Kikapu Nilichokinunua Nkwenda

"Fumua."

Miezi mitatu, pale Nyaishozi, mama mkubwa aliniambia neno hilo kila siku. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nafanya utafiti wa udaktari juu ya vikapu vya kwetu. Nilikuwa nimemwahidi msimamizi wangu chuoni kwamba sitauliza maswali tu, nitasuka mwenyewe, na kikapu changu kitaingia kwenye tasnifu. Maneno matamu hayo! Vidole vyangu vilikuwa vigumu kama mpini wa jembe.

Mama mkubwa hakuona tena vizuri. Alisuka kwa kupapasa. Majina ya mapambo na maana zake alikuwa nayo kichwani, na sharti lake lilikuwa moja: atanieleza siku nitakapomletea kikapu nilichokimaliza kwa mikono yangu.

"Anayetaka kula bila kutoka jasho anaitwaje?" aliniuliza.

"Profesa," nikamjibu. Alicheka mpaka akakohoa.

Muda ukaniishia. Wiki ya mwisho nikaenda gulioni Nkwenda, nikanunua kikapu kizuri kilichokwisha kutumika kidogo, nikampelekea.

"Shikamoo mama. Nimemaliza."

Alikipakata, akaanza kukipapasa kuanzia kitakoni, mzunguko kwa mzunguko. Vidole vikasimama. Akaanza upya.

"Mawe!" alimaka kwa kilugha chetu. "Hiki kimezungushwa kwa mkono wa kushoto."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanawe wa pekee, dada yangu, ndiye tuliyemjua kusuka kwa kushoto. Aliolewa Kaisho, akafa mwaka mmoja kabla, na wakwe hawakumpa mama yake hata kitambaa cha kumkumbukia. Mimi, mtafiti wa vikapu, nilikibeba kutwa nzima nisione kinazungukia wapi. Sijawahi kujichukia namna ile.

"Umekitoa wapi?"

"Gulioni, mama. Nisamehe."

"Kumbe wanauza vitu vyake." Alikikumbatia akalia kwa sauti, nami nikalia naye.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana wala hakutaja mapambo. Aliuliza tu kama muuzaji alikuwa na vingine.

Alikuwa navyo. Rundo zima, chini, juu ya gunia, na mimi nilichagua kilichonivutia nikaondoka. Gulio lililofuata nilifika alfajiri. Muuzaji alinikumbuka vizuri. Vyote, akasema, vilichukuliwa na mchuuzi wa Uganda.

Udaktari niliupata. Mama mkubwa tulimzika na kikapu kimoja.