Nilichagua hoteli Rwanda kwa kuangalia baiskeli italala wapi, nikajisahau mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Haya ninayoandika yamenitokea mie mwenyewe, sijasimuliwa na sijatia chumvi. Kuna sehemu mtaniona mjinga. Msihangaike kunitetea, nilikuwa mjinga kweli.

Nina miaka hamsini na moja, naishi Mtoni, kazi yangu fundi friji na AC. Kwetu Masasi ila Temeke ndo imenikuza. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Tulijaliwa binti mmoja tu, Stazia, kaolewa Mtwara. Kwa hiyo nyumbani nipo mie, redio na baiskeli.

Baada ya arobaini watu walitawanyika. Simlaumu mtu, kila mmoja ana kwake. Ila nyumba ikawa kimya mpaka nikawa naacha redio inaongea hata nikiwa bafuni. Ndo nikaanza kuendesha baiskeli. Mwanzo Mtoni mpaka Mbagala, baadaye Kongowe, baadaye nikawa nafika Mkuranga na kurudi. Ukichoka vile hulali ukiwaza, unalala tu.

Kuna group la waendesha baiskeli wanatokeaga pale Mwenge Jumamosi. Nilienda mara mbili. Vijana, wanataniana, wanapigana picha, mie nakaa nyuma. Mara ya tatu nikafika sikuona mtu. Nikasema sawa, wameniacha. Sikupiga simu kuuliza na sikurudi tena.

Sasa mwaka huu nikaamua nitoke nje ya nchi, niendeshe Rwanda, kule Ziwa Kivu. Kuna njia ya milimani inafuata ziwa, waendesha baiskeli wanakuja kutoka nchi kibao.

Watu wa kazini niliwaambia nafuata mazoezi. Uongo. Nilikuwa nataka kukaa na watu wanaopenda ninachokipenda, niongee nao hata wiki moja. Stazia alinijua. Aliniambia kwenye simu, "Baba nenda, labda utapata rafiki." Nikamwambia aache utoto.

Niende kwenye hoteli, maana hapo ndo nilipoanza kuharibu.

Nilizitumia meseji hoteli na gesti nyingi za Gisenyi, huo mji uko ukingoni mwa ziwa, ukivuka mpaka tu uko Goma. Maswali yangu mnayajua nyie watu wa Temeke. Baiskeli italala wapi? Mlango una funguo ngapi? Kuna mlinzi? Geti linafungwa? Chumba kipo chini au ghorofani? Kuna bomba la kuoshea na pampu ya upepo? Breakfast inatoka saa ngapi?

Hapa Mtoni baiskeli hailali nje hata siku moja. Mie yangu inalala chumbani, upande aliokuwa analala mama Stazia. Mtu mzima nimeshasema, chekeni.

Gesti moja, mwenyewe anaitwa Mama Diane, alinijibu kwa Kiswahili chao cha kule: "Baiskeli zinaegemea ukuta wa uani, mzee. Hazijapoteaga. Chakula tunakula wote meza moja."

Nikacheka peke yangu. Hazijapoteaga! Hata Temeke kitu hakijapoteaga mpaka siku kinapotea. Nikamfuta. Ile sentensi ya chakula sikuisoma mara mbili.

Nikachukua hoteli nyingine yenye vijumba vya kujitegemea. Baiskeli unaingia nayo ndani, mlango wa namba, ukuta mrefu, mlinzi getini, chakula unaletewa mlangoni. Nikasema hapa ndo penyewe.

Safari nilienda kwa basi, baiskeli kwenye buti nimeifunga na magodoro ya sponji. Nilikuwa nimejiandaa kila kitu. Rwanda wanaendesha upande wa kulia, basi nilibandika karatasi kwenye usukani nimeandika KULIA kwa herufi kubwa. Simu nikazima data tangu mpakani naogopa makato, hata saa yake ikabaki ya Dar. Saa nilikuwa na ya mkononi.

Nikafika. Wakuu, hoteli ilikuwa safi, sina cha kuisema vibaya. Baiskeli ilipata chumba kizuri kuliko vyote ilivyowahi kulala.

Ila hapakuwa na mtu.

Sio kwamba hapakuwa na wageni. Walikuwepo, kila mtu na kijumba chake na pazia lake. Asubuhi trei inawekwa mlangoni, mhudumu anagonga, ukifungua kashaondoka. Naendesha mlimani mchana, nikipishana na wazungu na Wakenya wananipungia mkono, nami napunga, basi. Jioni narudi, trei nyingine. Nakaa kitandani nakula naangalia baiskeli.

Siku ya tatu nikajikuta naiambia, "Leo umefanya kazi." Nikaogopa. Kwangu Mtoni walau muuza genge ananisalimia.

Kitu pekee nilichokuwa naongea na wale wa hoteli ni ugomvi. Breakfast niliagiza saa kumi na mbili, wakawa wanaleta saa moja. Kila siku. Nikaandika meseji kali, kwamba mie ni mteja, nimeagiza saa kumi na mbili, mnaniletea saa moja, huo si utaratibu. Wakajibu kwa adabu sana, "Tunaomba radhi mzee, tutajitahidi." Kesho yake saa moja kasoro dakika tano. Nikasema hawa watu ni wavivu tu.

Siku ya tano nikapata pancha mbili, na tyubu ya akiba nilikuwa nayo moja. Mvua ikaanza, ile ya milimani inayouma. Nikawa nasukuma baiskeli barabarani, nikaona geti la bati liko wazi na watu wamekaa barazani. Nikaomba kujikinga.

Mama mmoja mnene, kitambaa kichwani, akatoka. "Karibu, mzee. Ingia, ingia, utagonjwa." Tulivyosalimiana na kuambiana majina nikagundua ndo yule yule Mama Diane wa meseji. Sikumwambia mie ndo niliyempa maswali ya upolisi.

Nikaingia uani. Baiskeli saba zimeegemea ukuta, hata mnyororo hakuna. Na barazani meza moja ndefu, watu wamejazana, Wakenya na Waganda na Wanyarwanda, wanakula viazi na maharage na vile visamaki vidogo vya ziwani wanaviita sambaza. Wakasogea. Hawakuniuliza kitu, wakasogea tu, nikapata nafasi ya kukaa.

Aliyekaa pembeni yangu ni Mkenya wa Kisumu, anaitwa Otieno, mwalimu, ana mvi kama zangu. Akaniangalia mikono akasema, "Wewe ni fundi." Nikamwambia ndiyo, wa friji. Akaanza kunieleza friji la mkewe linavyolia, nami nikawa namuuliza linalia likianza au likizima. Wakuu, tuliongelea friji nusu saa. Sijui lini nimefurahi vile.

Ila sasa, mwili ulikuwa mezani, macho uani. Kila baada ya dakika chache nasimama naenda kuangalia baiskeli. Mara ya nne Otieno akaniuliza, "Mzee, unangoja mtu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ila nikaona aibu. Mvua ilipopungua kidogo na yeye kashanipa tyubu yake ya akiba, nikaaga. Walikuwa bado wanakula. Mama Diane akanisihi, "Kaa kwanza chai inakuja." Nikasema acha niwahi, baiskeli imelowa.

Natoka getini Otieno akanifuata. "Kesho tunafuata ziwa kuelekea mji wa Kibuye. Kuja twende pamoja, wewe na mimi tutakaa nyuma na hawa watoto watangulie. Saa moja asubuhi, hapa hapa."

Nikamwambia nitakuja. Sikusema "tutaona", sikusema "Mungu akipenda" ile yetu ya kukwepa. Nilisema nitakuja, na nilimaanisha.

Nililala kama mtoto ambaye kesho yake ni Krismasi. Asubuhi sikungoja hata trei. Saa moja kamili kwa saa yangu nipo nje ya geti la Mama Diane, nimevaa, chupa zimejaa.

Geti limefungwa. Kimya. Nikachungulia kwenye upenyo wa bati. Ukuta wa uani mtupu, hakuna baiskeli hata moja.

Nilisimama dakika kumi. Sikugonga, na hapa ndo najilaumu mpaka leo. Kugonga kunachukua nguvu gani? Lakini moyo ulishajibu kabla sijauliza. Nikakumbuka Mwenge. Nikasema ni yale yale, wewe mtu wa kuachwa tu, unajipendekeza kwa watu wa nini.

Nikageuza. Nikaendesha kivyangu upande mwingine kabisa, milima sikuiona kwa hasira.

Mchana nikakumbuka koti langu la mvua lilibaki kule. Nikapita kulichukua, nimeapa sitasema neno.

Mama Diane aliponiona alishika kiuno. "Weye mzee! Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Mama, mie nilikuja. Saa moja nilikuwa hapa getini. Wenzangu walikuwa wameshaondoka."

"Waliondoka saa mbili," akasema. "Saa moja walikuwa hapa mezani wanakuita wewe."

Nikamuonyesha saa yangu ya mkononi, maana nilidhani ananifanyia utani. Akaiangalia, akaangalia ya kwake, akaangalia ya ukutani. Akashika mdomo.

Wakuu, Rwanda wako nyuma yetu lisaa limoja. Nyie wasomi mnajua. Mie siku sita nimekaa nchi ya watu na saa za Temeke.

Nilifika pale saa kumi na mbili yao, watu bado wamelala. Baiskeli hazikuwepo ukutani kwa sababu usiku mvua ilirudi wakaziingiza stoo. Na wale wa hoteli masikini ya Mungu walikuwa wananiletea chakula saa niliyoagiza, na kila nikiwagombeza wanajitahidi kuwahisha.

Mnajua kilichoniuma? Siku sita. Mtu mwenye mwenzake hawezi kukosea saa siku sita. Ukipanga na mtu lolote, hata kunywa chai, mtajua saa zenu hazifanani. Mie sikuwa nimepanga na yeyote kitu chochote.

Halafu akaniongezea. Waliponiona sifiki, Otieno alipiga simu hotelini kwangu, maana jina la hoteli nilimtajia tukila. Mlinzi akamwambia mzee katoka zamani na baiskeli yake. Basi Otieno akawaambia wenzake, "Yuko njiani, pengine amepata pancha." Wakangoja. Wale vijana walitaka kuondoka, akawakatalia. Lisaa zima wamekaa na helmeti kichwani, wananingoja mie, mtu waliyekula naye sahani moja ya viazi.

Nililia, wakuu. Mwanaume wa miaka hamsini na moja, nimekaa kwenye benchi ya watu nalia kwa sauti. Hata msibani kwangu sikulia vile, nilikuwa na wageni wa kuwahudumia.

Mama Diane hakunipa ushauri wowote. Alileta beseni la viazi na visu viwili, akakaa, akaanza kumenya. Baadaye nami nikashika kisu. Tukamenya mpaka jioni, akinisimulia wanawe, nikimsimulia mama Stazia. Jina lake sikuwa nimelitaja kwa mtu muda mrefu sana.

Kuwafuata isingewezekana, walishakuwa mbali milimani na basi langu la kurudi lilikuwa kesho yake alfajiri. Nikarudi Dar.

Sasa kwa wale mnaofikiria kwenda kuendesha nje, na najua humu mpo, kwenye uzi kama huu watu huulizaga hoteli ipi nzuri. Mambo ya stoo, bomba la kuoshea, pampu, chakula cha mapema, yote yaulizeni, yana maana. Lakini ulizeni na hili: wageni wanakula wapi? Wakikujibu kila mtu chumbani kwake, na wewe unasafiri peke yako, tafuta kwingine. Kufuli unaweza kwenda nalo kutoka nyumbani.

Na rekebisheni saa, jamani.

Kilichonifanya niandike hasa ni hiki. Siku ile ya viazi nilimwachia Mama Diane namba yangu, naye akampa Otieno. Siku mbili baada ya kufika Mtoni ikaingia meseji yake: "Mzee, tulikungoja. Ulifika salama?"

Leo ni siku ya tisa. Naifungua, naandika, nafuta. Nikieleza ishu ya saa naona kama natunga. Nikisema samahani tu naona ni ndogo. Juzi niliandika mistari kumi na tano nikaifuta yote, nikaenda kuosha baiskeli iliyokuwa safi.

Hebu nisaidieni, wa kunicheka acheke kwanza halafu anisaidie. Mtu asiyekujua akikaa lisaa zima anakungoja, akawazuia na wenzake, halafu akakuuliza yeye kama ulifika salama, unamjibuje?

Niko hapa nasoma. Nataka niitume leo kabla sijalala.