Karanga za Somo la Usiri

Siku ya kwanza chuoni, darasa zima lilisimama alipoingia. Walidhani ni mwalimu. Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mkoba mkubwa, viatu vya kufunika vidole, ungedhani nini? Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, akawaambia, "Kaeni, jamani, hata mimi natafuta kiti." Tangu hapo wakamwita Dada Mkubwa, na jina likaganda.

Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka tisa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake. Misumari, rangi, bawaba, makufuli. Ukimwamsha usingizini angekutajia inchi za kila msumari bila kufumbua jicho. Aliposema anataka kusomea utunzaji wa kumbukumbu za ofisi, kaka mtu alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Sawa, mdogo wangu," akasema. "Ada nalipa, mimi si mtu mbaya. Nauli, vitabu na sabuni utajitafutia mwenyewe. Lakini somo moja tu ukianguka, aproni yako hiyo hapo."

Aproni yenyewe ilikuwa ya kijani, imening'inia kwenye msumari wa inchi tatu mlangoni mwa stoo. Kaka hakuitupa wala hakumpa mfanyakazi mpya. Kila Dada Mkubwa alipopita kusalimia, aliiona palepale, mifuko imetuna kana kwamba mikono yake bado imo. Kuna watu wanaogopa nyoka. Yeye aliogopa aproni.

Basi akaanza kutafuta kazi ya saa chache, ya kufanya baada ya masomo. Wee! Ofisi ya kwanza walimuuliza, "Unasoma?" Akasema anasoma. "Basi huna muda." Ofisi ya pili akajifanya mjanja, akasema hasomi. "Hujasoma?" wakashangaa. "Basi huna ujuzi." Hotelini walimwambia mapokezi wanataka sura changa, na jikoni wanataka mikono iliyozoea, naye akabaki katikati, pale koridoni, ambapo hapakuwa na kazi. Mwenye saluni alimtazama nywele tu, na Dada Mkubwa akaaga mwenyewe.

Mwishowe akaona kibao kwenye duka la kopi mkabala na lango la chuo: ANATAKIWA MSAIDIZI, ASIWE NA HARAKA. Mwenye duka aliitwa Mzee Wino, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyeusi hata siku za mapumziko.

"Una haraka?" akamuuliza.

"Sina, mzee."

"Wote waliokuja walisema hawana, huku wamesimama kwa mguu mmoja. Keti."

Akaketi. Kazi akaipata hivyo hivyo, kwa kuketi. Saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, siku tano kwa wiki. Mashine ilikuwa kuukuu, na ilikuwa na tabia ya kutafuna karatasi kila inapojisikia. Zilizotafunwa, Mzee Wino alimwelekeza, huwekwa kwenye boksi chini ya meza. Jioni huja Bibi Karanga, yule anayeuza nje ya lango, analichukua boksi, anakata vikaratasi vya kufungia karanga zake, na shukrani yake huwa ni kifuko kimoja mezani. "Hapa kwangu hakipotei kitu," Mzee Wino alisema, akijisifu. Dada Mkubwa akaona ni utaratibu mzuri sana.

Somo lake gumu kuliko yote liliitwa Usiri wa Nyaraka. Mwalimu wake alikuwa na mkoba wenye kufuli mbili, na funguo zake alizifunga kwa kamba shingoni, ndani ya shati. Siku moja kabla ya mtihani aliingia dukani akiwa na bahasha iliyopigwa gundi pande zote. Ofisi ya chuo hakuiamini, alisema kuna midomo mingi. Akamkuta Dada Mkubwa peke yake, Mzee Wino ameenda kununua wino.

"Wewe si mwanafunzi wangu?"

"Ndimi, mwalimu."

Mwalimu akafikiri kidogo, kisha akatazama saa. Alikuwa na kikao. "Basi hapa ndipo nitakapojua kama umenielewa mwaka mzima. Kopi sitini. Usisome." Akaondoka! Mtu mwenye kufuli mbili.

Alichofanya Dada Mkubwa, wateja wawili walikishuhudia. Alifumba macho akaitoa karatasi, akailaza kifudifudi kwenye kioo. Akafunika kopi zinakotokea kwa gazeti. Kisha akaugeukia ukuta, akawa anahesabu kwa kusikiliza mashine inavyokoroma, huku akisoma kalenda ya mwaka juzi.

"Dada, unaumwa macho?" mteja mmoja akamuuliza.

"Nayalinda," akajibu.

Kopi ya thelathini na nne, mashine ikatafuna. Ikatafuna na iliyofuata, na iliyofuata. Alizivuta kwa kupapasa, uso kauelekeza darini, jasho linamtiririka, na kila aliyoivuta akaisukumia chini ya meza haraka, isije ikamwonyesha kitu. Karatasi tisa. Mwisho kopi sitini safi zikaingia bahashani, gundi pande zote. Mwalimu aliporudi alizihesabu, akamtazama kwa macho ya upole ambayo darasani hakuwahi kuyatoa. "Wenzako wangeuza hata mama zao," akasema.

Jioni ile alitoka dukani kichwa juu. Pale langoni wanafunzi wa darasa lake walikuwa wamelizunguka sinia la Bibi Karanga, wanasukumana. Watoto hawa, akawaza, kesho mtihani na wao wanatafuna tu.

"Njoo nikufungie, mwanangu!" Bibi Karanga akamwita.

"Leo hapana, bibi. Nina kazi ya kusoma."

Asubuhi yake, swali la kwanza alilimudu. La pili pia. La tatu liliuliza hivi: nakala ya siri ikiharibika wakati wa kutolewa kopi, inateketezwaje? Eleza, ukitaja makosa ya wahudumu wazembe.

Alilisoma mara mbili. Mara ya tatu akazikumbuka zile karatasi tisa chini ya meza. Boksi!

Akainua macho. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama, kalamu zinakimbia, hakuna anayejikuna, hakuna anayetazama dari. Jirani yake, kijana aliyekuja chuoni mwaka mzima bila kalamu, alikuwa amenyoosha mkono kuomba karatasi ya nyongeza. Dada Mkubwa akajaribu kuandika, kila sentensi ikamrudisha kwenye boksi. Jibu alilijua. Alikuwa amelijua tangu muhula wa kwanza, na jana yake alikuwa amelisahau kwa sababu macho yake yalikuwa na kazi nyingine. Alikaa hivyo nusu saa nzima, na kengele ikalia.

Hakwenda nyumbani, alikwenda kwa Bibi Karanga.

"Bibi, karanga za jana ulizifungia nini?"

"Makaratasi yenu ya pale dukani, si siku zote?" Bibi akacheka. "Ila jana, mwanangu, walinipenda! Mmoja alinunua, akasoma, akapiga kelele, wakaja wote. Mpaka wakawa wanachagua. Nipe hii, bibi, hii yenye swali la nne. Nilirudi na sinia tupu. Mimi nikajua karanga zimeiva vizuri."

Matokeo yalipotoka, darasa la Usiri wa Nyaraka lilikuwa limefaulu kuliko darasa lolote tangu chuo kifunguliwe. Watu hamsini na tisa walipita. Mmoja alianguka, kwa alama thelathini na nane, naye ndiye pekee aliyetunza siri. Mganga hajigangi, walisema wenzake, na wakampa pole kwa moyo mweupe kabisa.

Kaka alipoambiwa hakucheka safari hii. Akaitazama ile aproni, akamtazama dada yake. "Kuna mtihani wa marudio?"

"Upo. Mara moja tu."

"Haya. Huo ndio wa mwisho wako."

Mjanja angenyamaza hapo. Lakini Dada Mkubwa hakupata usingizi siku tatu, na ya nne alikwenda ofisini kwa mwalimu kuungama. Akifukuzwa na afukuzwe. Mezani kwa mwalimu palikuwa na barua ya pongezi kutoka kwa mkuu wa chuo, imewekwa wima, ikiegemea kikombe ili kila aingiaye aione.

"Mwalimu, mtihani ulivuja, na niliyeuvujisha ni mimi."

Mwalimu akainuka, akafunga mlango. "Ulivuja vipi?"

"Kwa karanga."

"Kwa karanga," mwalimu akarudia taratibu.

Akamweleza yote, mashine, boksi, sinia. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakienda kwenye barua na kurudi.

"Binti," akasema, "mwizi gani huyo anayegawia mji mzima akajisahau yeye? Kama ulivujisha, mbona umeanguka? Wenzako walisoma. Nenda na wewe ukasome." Kisha, alipokuwa ameshika kitasa cha mlango, akamuuliza, "Hilo boksi, mnapokea na karatasi za watu wengine?"

Alilia koridoni, tena kilio cha hasira. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa polisi, kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kuonekana mwongo kwa kusema kweli. Iliuma.

Katika yote aliyoungama, la boksi ndilo mwalimu alilolishika. Wiki ile ile alitokea dukani na mzigo wa makaratasi ya zamani kwapani. "Ofisi imejaa," akasema, akayamwaga chini ya meza, na kila Ijumaa ikawa hivyo. Karibu na siku ya marudio akaleta na bahasha pia, gundi pande zote.

"Kopi moja," akamwambia Dada Mkubwa.

"Moja?" Mzee Wino akadakia kutoka nyuma. "Si umpe huyo mtu hiyo hiyo?"

"Ile ya kwanza inabaki kwenye faili. Ndio utaratibu." Akamgeukia Dada Mkubwa. "Wewe nakuamini."

Mtahiniwa wa marudio alikuwa mmoja nchi nzima, naye ndiye aliyekuwa ameishika ile bahasha. Mwalimu akaenda zake kikaoni. Mzee Wino akaenda kunywa chai.

Tusidanganyane, alitaka kusoma. Macho yalimwasha kama yameingia pilipili. Aliiona aproni ya kijani, akaona miaka mingine tisa ya misumari, akajiuliza nani atajua, na akijua, nani atajali? Alikwishasema kweli mara moja na kweli ikarudishwa kama pesa bandia. Vidole vilikuwa vimeshaigusa kona ya karatasi.

Kilichomzuia si utakatifu, ni ubishi. Hawakuniamini nilipoungama, akawaza, sasa wananiamini nikitaka kuiba? Thubutu! Nitapita kwa kichwa changu mwenyewe, washangae. Akafumba macho, akailaza kifudifudi, akaugeukia ukuta na kalenda yake.

Mashine ikatafuna. Ilikuwa lazima itafune. Akaivuta ile karatasi huku anatazama dari, akaichana vipande vidogo mpaka kucha zikauma, akavitia kwenye ndoo ya kupigia deki, akavivuruga vikawa uji. Kisha akatoa nyingine.

Siku ya mtihani alikaa peke yake katika ukumbi wa viti mia mbili. Akageuza karatasi na kuanza kusoma. Akacheka, kwa sauti, mpaka msimamizi akakohoa. Maswali yalikuwa yale yale, neno kwa neno. Mwalimu alikuwa amebadilisha tarehe tu. Yote aliyoyalinda ukutani, alikuwa ameshayasoma ukumbini humu humu miezi miwili nyuma, kihalali kabisa. Swali la tatu aliliandikia kurasa nne bila kuinua kalamu, na kwenye makosa ya wahudumu wazembe hakubakiza kitu, alijitaja mpaka na kalenda.

Alipata hamsini. Sheria ya chuo ilikuwa hivyo, anayerudia hapewi zaidi ya hamsini, hata akiandika kwa dhahabu.

"Hamsini," kaka akasema, akiigeuza geuza karatasi ya matokeo. "Umepona kwa tundu la sindano." Lakini akaenda mlangoni mwa stoo, akaitungua aproni, akamtupia mfanyakazi mpya aliyekuwa akipima misumari. Dada Mkubwa akautazama ule msumari wa inchi tatu ulio mtupu, machozi yakamtoka, na hakujali nani anaona.

Jioni ile aliona anastahili karanga. Bibi akamchotea kipimo na nyongeza juu. Alikuwa ameshakula nusu alipoona mwandiko wake mwenyewe kwenye kile kikaratasi. *Nakala ya siri isitupwe kwenye boksi la wazi, kwa kuwa hujui jioni atakuja nani.* Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika: *20/20. Jibu bora kuliko yote mwaka huu.*

Alisimama pale langoni muda mrefu, akisoma alama ambayo hakupewa. Kisha akazimimina karanga kiganjani, akaanza kukichana kile kikaratasi vipande vidogo vidogo, kama kurasa zake nne zilivyofundisha.

"Mbona unachana karatasi nzuri hivyo, mwanangu?"

"Ni siri, bibi."

"Siri!" Bibi Karanga akacheka mpaka sinia likatikisika. "Hiyo ndiyo ya mwisho. Zilizobaki nimeziuza tangu asubuhi."