Moshi wa Mboji kwa Ajili ya Seonag

Saa mbili asubuhi upepo unakipiga kisiwa cha Lewis, Uskoti, kana kwamba una kesi nacho. Effie Macaskill amelala kifudifudi, kichwa na mabega ndani ya boila iliyozimwa tangu jana ili ipoe. Tunachokiona sisi wahudumu wa nyumba ya wazee ni viatu vyake tu.

"Jamani, humu mnanuka kama kwa bibi yangu!" anasema kutoka ndani.

Effie, mwenye miaka hamsini na minne, ndiye fundi wa boila za kuni hapa kisiwani. Nyumba hii ya wazee hupata joto kwa punje za mbao zinazochomwa ndani ya boila hii, chini ya mpango wa serikali unaotupa ruzuku kwa masharti makali: boila ifanyiwe matengenezo kila mwaka, na isichome kitu kingine ila mbao zilizoidhinishwa. Ukikiuka, ruzuku inaweza kukatwa. Ikikatwa, nyumba itafungwa na wazee watavushwa bara, mbali na watu wao.

Anajitoa, uso umejaa masizi, kiganjani majivu ya rangi ya kutu.

"Hii si mbao. Hii ni mboji."

Mboji ya kinamasi, udongo mweusi unaowaka ukikauka, ndiyo kuni ya wazazi wetu. Unaikata kwa koleo mwezi wa tano, unaianika, nayo inakuvusha majira ya baridi.

Mlangoni, Mzee Torcuil, mmoja wa wazee wetu, mwenye miaka tisini na mmoja, anakohoa kikohozi cha mtu aliyekamatwa.

"Ni mimi, binti. Wengine usiwaguse."

"Mzee wangu! Unataka wote mfukuzwe?"

"Ni kwa ajili ya Seonag."

Seonag ni mkewe, anayeishi naye humu humu. Kumbukumbu zimemtoka; humwita mumewe "yule bwana". Siku moja jirani alichoma mboji, moshi ukaingia dirishani, Seonag akageuka akamwita mumewe kwa jina. Tangu hapo mzee akawa anaficha vipande ndani ya koti na kuvitupia kwenye boila.

"Amekuita mara ngapi?" Effie anauliza.

"Mara ile ile tu. Lakini ningeachaje?"

Effie anafuta macho na kujipaka masizi zaidi.

"Kudanganya siwezi. Kwenye ripoti ya serikali nitasema nilichokikuta, na kwamba nimesafisha na hakitarudiwa. Si ndiyo, mzee?"

"Hakitarudiwa."

"Haya, kitoe na hicho kilichomo mfukoni."

Mzee anakitoa.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa: onyo kali, ruzuku imebaki. Jumamosi iliyofuata Effie aliwachukua wote wawili hadi kwake, nami nikafuatana nao; huko jiko la mamake bado linachoma mboji na hakuna wa kumuuliza. Seonag aliutazama moto hadi chai ikapoa. Mzee Torcuil alijibanza pembeni, asithubutu hata kumtazama.

"Torcuil," akasema Seonag, "mbona umekaa mbali hivyo?"

Mzee alisogeza kiti. Alilia waziwazi, nasi pia.

Nilipomuuliza Effie mipango yake, hakutaja boila hata moja.

"Mwezi wa tano," alisema, "nitakata mboji mara mbili ya mwaka huu."