Mtu wa Chepkurui

Nilipoolewa kwenye shamba la pareto huko juu ya Njoro, mwaka wa hamsini na nane, kitu cha kwanza alichonionyesha mama mkwe hakikuwa bomba la maji wala choo. Kilikuwa nyumba. Nyumba za laini yetu, ile safu ya wafanyakazi wa shamba, zilikuwa za mbao, zimeshikana ubavu kwa ubavu, na asubuhi kila moja ilitoa moshi isipokuwa ile ya mwisho, iliyopakana na yangu.

"Huyo ana kifafa," akasema. "Akianguka kaa mbali, ile povu inaambukiza. Na kikombe yake ni yake."

Kisha akaingia ndani kuchemsha chai, kana kwamba alikuwa amenionyesha kamba ya kuanikia nguo tu. Mimi ni mtu wa kuuliza, na kwa tabia hiyo nimegombezwa sana maishani. Haya ninayoyasimulia aliniambia mwenye nyumba ile mwenyewe, Chepkurui, na nitasema baadaye ilikuwaje hata akaniambia.

Kifafa kilimshika akiwa msichana. Waliomposa hawakuambiwa, na siku alipoanguka kwenye moto wa mama mkwe wake huko upande wa Kericho, ndoa ikaishia hapo hapo. Alirudishwa kwao na mkono wa kushoto ulioungua, vidole vimekunjamana visifunguke tena. Wazazi walipokufa akaja Njoro kuchuma pareto, akafanya kazi ya watu wenye mikono miwili kwa mkono mmoja na nusu. Tangu ule mkono, aliapa kutowasha moto akiwa peke yake. Ndiyo maana nyumba yake haikutoa moshi.

Lakini mtu lazima ale. Hapo mwanzo alikuwapo jirani aliyeitwa Wamuyu, mjane Mkikuyu mwenye kelele nyingi na moyo mkubwa kuliko kelele zake. Walipatana hivi: Chepkurui alete kuni, Wamuyu apike, wale pamoja. Na walikula pamoja kweli, sahani moja, ndani ya nyumba. Akianguka, Wamuyu alimfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe huku akiwatukana waliokimbia. Ikaja ile Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, Wakikuyu wa mashamba yale wakashukiwa uasi, wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa kwao. Siku hiyo Chepkurui alikuwa msituni. Aliporudi na mzigo mgongoni, alikuta mlango wazi na sufuria ingali na joto. Akazipanga zile kuni kando ya mlango kama kawaida yake, kisha akakaa chini akalia mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya hapo Chemutai, mke wa mkama ng'ombe mmoja, alikubali kuchukua kuni zake na kumpikia. Ila chakula alikiweka juu ya kisiki nje, akaita jina lake, akaondoka kabla mwenyewe hajatoka. Chepkurui alikula hivyo kwa miaka. Anasema ugali wa Chemutai ulikuwa mzuri. Mimi nikisikia habari za kile kisiki, hasira inanipanda hadi leo.

Mwaka wa hamsini na sita alianguka katikati ya mistari ya pareto mbele ya nyapara. Wachumaji wakatupa vikapu wakakimbia. Alipozinduka, nyapara alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi.

"Enda hospitali Nakuru," akamwambia. "Mzungu hataki mtu akufe kwa shamba yake. Usipoenda, kazi hakuna."

Basi akapanda lori la pareto lililokuwa likienda kiwandani, akakaa juu ya magunia, akashuka Nakuru. Huko hospitalini daktari alikuwa Mzungu, na dresa mmoja, yaani msaidizi wa kufunga vidonda, aliyeitwa Nyongesa ndiye aliyemfasiria. Daktari alimuuliza maswali mengi, akaugeuzageuza ule mkono kwa upole. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe:

"Wewe nakaa na nani?"

"Peke yangu."

Daktari akaweka kalamu chini. Akazungumza na Nyongesa kwa muda, na Nyongesa akamgeukia Chepkurui.

"Daktari anasema dawa iko, na inasaidia wengi. Lakini hii si dawa ya kumeza leo na kuruka kesho. Ukiiacha ghafla, kifafa inarudi na nguvu, inaweza kukuua. Alikuwa na mgonjwa mwingine wa kukaa peke yake, na alimpoteza hivyo. Kwa hivyo rudi Alhamisi na mtu wako. Mtu wa kuona ukimeza, na wa kukushika ukianguka."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Bwana, dada, jirani. Kila mtu ana mtu wake, mama."

Nyongesa hakusema kwa ubaya. Chepkurui akajibu ndiyo, akatoka, akasimama uani akijiuliza mtu wake ni nani.

Alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, Kosgei, aliyekuwa akiendesha maksai kwenye shamba la mahindi huko Rongai. Jumapili akamwendea kwa miguu. Kosgei alimpokea nyuma ya nyumba, si mbele. Akamletea maziwa ya kibuyu, akasimama akitazama barabara wakati dada yake akieleza habari za daktari, dawa na Alhamisi.

"Chepkurui," akasema mwishowe, "msichana wangu ameposwa. Wale watu wanazunguka wakiuliza habari ya ukoo wetu. Wanauliza kama kuna mwizi, kama kuna mchawi. Wanauliza kama kuna kifafa."

"Umewaambia nini?"

Kosgei akaendelea kutazama barabara.

"Nimewaambia sina dada."

Chepkurui alimaliza yale maziwa, akarudisha kibuyu, akashukuru. Mimi ningemmwagia usoni, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba msichana yule alikuwa mtoto mzuri, na kwamba maziwa hayakuwa na kosa lolote.

Jumatano alimgojea Chemutai karibu na kisiki, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Chemutai alishtuka karibu aangushe sahani. Chepkurui akamwomba: siku moja tu, kwenda na kurudi, asimame mbele ya daktari. Chemutai akaanza kulia. Alisema mume wake angemfukuza, alisema ana watoto, alisema samahani mara nyingi. Akaweka sahani kisikini akaenda zake. Siku hiyo Chepkurui hakula.

Alhamisi akapanda lori peke yake. Alijua atarudishwa, lakini alienda, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi.

Benchi la hospitali lilikuwa limejaa. Akapata nafasi mwishoni, na mara akaja mama mmoja mnene, mguu umevimba, akajibana kando yake bega kwa bega, paja kwa paja, akiguna na kucheka. Jina lake Eucabeth, mke wa mfanyakazi wa reli, mtu wa pande za Nyanza, akikaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale mjini. Chepkurui alisema hakuyasikia maneno yake ya kwanza hata moja. Alikuwa akisikia lile bega. Tangu Wamuyu apakiwe kwenye lori, hakuna aliyekuwa amemkaribia hivyo, na huyu alimkaribia kwa sababu hakujua.

Angeweza kunyamaza afaidi lile bega mpaka aitwe. Lakini mlango ulikuwa unafunguka na kufungwa, na zamu yake ilikuwa inakaribia. Akapiga moyo konde.

"Mama, nakuomba kitu. Ingia na mimi kwa daktari. Sema wewe ni mtu wangu."

Eucabeth akacheka. "Mtu wako namna gani? Mimi sikujui. Unaugua nini?"

"Kifafa."

Kicheko kikakatika. Eucabeth akasogea, si sana, lakini akasogea, na upepo ukapita kati yao. Akautazama ule mkono. Akatazama mlango.

"Kwetu pia wanakimbia," akasema Eucabeth baadaye. "Hata mimi nimewahi kukimbia." Kisha akavuta pumzi, akarudi pale pale alipokuwa amekaa, bega kwa bega. "Haya. Lakini wewe ndiye utasema uongo. Mimi nitaitikia tu."

Mambo hayakwenda hivyo. Daktari alipouliza huyu ni nani, Chepkurui alikwama, na Eucabeth ndiye aliyesema, "Ni dada yangu." Nyongesa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na hata mtoto mchanga angejua hawa hawakunyonya titi moja. Akamfasiria daktari hivyo hivyo: dada yake.

Daktari akafurahi. Akaeleza polepole: dawa ni kila jioni bila kukosa. Mgonjwa ameze mbele ya dada, kisha aseme kwa mdomo wake kwamba amemeza. Akianguka asishikwe kwa nguvu, asitiwe kitu mdomoni, alazwe ubavu, kichwa kiwe juu ya kitu laini, na dada akae naye mpaka aamke. Kisha akataka kuona kama ameelewa. Akamwambia Chepkurui alale sakafuni.

Akalala kwenye saruji baridi. Eucabeth, na mguu wake mbovu, akapiga magoti akihema. Akamshika bega na nyonga, akamgeuza ubavu wa kulia. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakiweka chini ya shavu la Chepkurui, na mkono wake akauacha pale juu ya nywele. Daktari akasema vizuri, inatosha. Chepkurui hakuinuka. Aliniambia kwamba hajawahi kuona aibu kama ile, kulia sakafuni mbele ya Mzungu bila kuumwa popote. Eucabeth hakuutoa mkono mpaka alipoinuka mwenyewe.

Chupa ya vidonge alikabidhiwa Eucabeth, kwa kuwa yeye ndiye mtu. Nje, langoni, akawa ameishika hataki kuitoa.

"Sasa nani ataona ukimeza?"

"Nitakuambia."

"Utaniambia namna gani na wewe uko huko juu Njoro?"

"Nitakuambia tu."

Eucabeth akamtazama sana. Akampa chupa, akampa na kile kitambaa, akamwambia akija kuchukua dawa nyingine ampitie landi. Dereva wa lori alikuwa akipiga honi. Waliagana kama watu wanaojuana.

Chepkurui alimpitia kweli. Alikuta watu wengine ndani ya ile nyumba. Mume wa Eucabeth alikuwa amepewa uhamisho, wengine walisema Kisumu, wengine Uganda. Huko hospitalini Nyongesa alimuuliza dada hajambo, naye akajibu hajambo. Wakaendelea hivyo kila alipokwenda, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na dawa akapewa.

Mimi haya yote sikuyajua nilipohamia. Nilichojua ni kwamba kila jioni, kupitia ukuta wa mbao, nilisikia sauti ikisema, "Eucabeth, nimemeza." Kisha kimya, kama mtu anayengoja. Laini nzima ilikuwa na maelezo yake, mengi yakiwa ya mapepo. Nilipochoka kusikiliza, jioni moja nikajibu kwa sauti kupitia ukutani: "Vizuri, Chepkurui! Lala salama!"

Kesho yake sikusikia kitu. Niliweka sikio kwenye mbao, ndipo nikagundua ananong'ona.

Niliona vibaya, nikakasirika pia. Nilikwenda mlangoni kwake nikamwita aje kwangu, ndani, kwenye moto, na kikombe nikampa changu. Mama mkwe alininunia mwezi mzima. Chepkurui alikaa mbali na mafiga, akanisimulia niliyoyasimulia. Alikuwa haanguki tena kama zamani. Dawa ilikuwa imemsaidia sana. Lakini sahani yake ilikuwa bado kisikini.

"Basi uwe unaniambia mimi," nikasema. "Niko hapa hapa ukutani. Huyo mama hata hajui kama uko hai."

Alikunywa chai kwanza.

"Wewe umenisikia," akasema. "Yeye alinishika."

Alinishukuru kwa chai, akarudi kwake. Jioni ile nilizima taa mapema nikakaa. Alisema kwa sauti yake ya zamani, "Eucabeth, nimemeza," kisha nikasikia kitanda kikilia akigeukia ubavu wa kulia. Nami nikanyamaza kimya, maana si adabu kuingilia watu wakizungumza.